RAM yako inaishia njiani: hesabu ya Korogwe na Handeni

Najua nilipotea hapa kijiweni. Nilikuwa naenda na kurudi Korogwe na Handeni kama kondakta wa Coaster, na kilichonipeleka huko ndicho ninachotaka tukijadili leo. Wale wa siasa tulieni, zamu yenu inakuja. Leo ni kompyuta na simu, ila mtaona kwamba ni habari ya pesa ya mtu.

Kuna mshikaji wangu ana intaneti kafe pale Chanika, Handeni mjini. Ana mashine nane, zote mitumba kutoka Dar. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizitaki mashine zake. Inadai prosesa za miaka ya karibuni pamoja na ulinzi unaoitwa TPM 2.0, na za kwake hazina. Kununua nyingine nane hawezi. Kwa hiyo akaniita nitoke Korogwe nikamwekee Linux kwenye mashine nne za kwanza, tuone wateja watasemaje.

Kazi ikaenda vizuri tu. Balaa likaja mwishoni, nilipomfungulia faili linaloitwa meminfo, ambamo Linux huandika hesabu ya RAM. Mashine ina GB 4. Vijiti vya RAM alivichomeka mwenyewe kwa mkono wake. Lakini mstari wa kwanza, ulioandikwa MemTotal, ukitafsiri hesabu yake unapata kama GB 3.7. Jamaa akanigeukia: "Kaka, hizo zingine umeziweka wapi?"

Alikuwa anatania, nusu nusu. Nikaanza kumjibu, na kabla sijafika mbali akaingia dogo mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Anajaza maombi mtandaoni. Alianza kwa simu yake, na kila akifika mahali pa kupandisha picha ya cheti, simu inafungua picha, akichagua na kurudi kwenye fomu anakuta ukurasa umeanza upya, mweupe, majina yote yamefutika. Mara tatu. Mwisho kaona bora alipie kafe. Nikamwomba simu niitazame: GB 2. Haikuwa virusi wala mtandao. RAM ilijaa, Android ikaamua kuiua programu ya intaneti ili picha zipate nafasi ya kufunguka. Ndivyo ilivyoagizwa kufanya, na kwenye simu ndogo inafanya hivyo kutwa nzima.

Sasa shikeni hayo mawili, zile GB zilizopungua na dogo mwenye fomu nyeupe, maana yanakutana mbele.

Watu wa Handeni hawahitaji kufundishwa habari ya mita. Ule mradi wa siku nyingi wa HTM ulijengwa ili uchukue maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka Handeni. Kila anayenunua dumu anajua kwamba maji yaliyoingia bombani siyo yote yanayofika. Mengine hutumika kwenye mitambo yenyewe kwa kazi halali, mengine yanavuja, mengine kuna mjanja kajiunganishia. Ukiwa na mita moja tu, tena ya mwisho wa bomba, utajua kwamba yamepungua. Hutajua yamepunguzwa na nani, wala kama aliyeyachukua alistahili.

MemTotal ni mita ya Handeni, siyo ya Korogwe. Inaonyesha kilichobaki baada ya wakubwa kunywa.

Wakubwa wenyewe ni nani? Wa kwanza ni ile programu ya kwenye ubao inayoamka kabla ya kila kitu. Wa pili ni kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina RAM yake, inakata kwenye yako. Kwenye simu kuna na modemu ya mtandao, nayo ina shamba lake. Halafu inakuja kerneli, kile kiini cha mfumo kinachogawa RAM kwa programu zote. Ili igawe lazima iwe na daftari. Linux inaikata RAM vipande vya baiti 4,096, na kila kipande kina mstari wake daftarini wenye baiti 64. Piga hesabu, ni moja ya 64. Kwenye GB 4, MB 64 zimekwenda kwenye daftari tu kabla hujafungua chochote. Hiyo sina ugomvi nayo. Bila daftari hakuna duka.

Ninachotaka tukiangalie ni mkubwa mwingine ambaye ameanza kukaa mezani miaka hii, naye ni ulinzi uliomo kwenye chipu yenyewe.

Mtauliza ulinzi na RAM vinahusianaje. Hivi: mashambulizi mengi makali hayahitaji nywila yako. Yanatumia kosa la programu kusoma au kuandika mahali pa RAM ambapo siyo pake. Mwaka 2019 Microsoft walisema karibu asilimia 70 ya matobo ya usalama waliyokuwa wanayaziba kila mwaka yanatokana na makosa ya aina hii. Mwaka 2020 wenzao wa Chrome wakatoa takwimu zao za matobo makubwa, nao ni karibu asilimia 70. Na Mei 2019 WhatsApp ilikutwa na tobo la namna hiyo kwenye upande wa kupiga simu. Mtu alipigiwa tu, hata asipokee, programu ya ujasusi ikaingia. WhatsApp wenyewe walisema waliolengwa ni kama watu 1,400 duniani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hizi ni hadithi za wazungu. Simu ndiyo benki yetu huku. Mkulima wa mahindi wa Handeni analipwa kwa simu, na mama muuza machungwa stendi ya Korogwe anapokea kwa simu.

Dawa ambayo Arm waliitangaza mwaka 2018 inaitwa MTE. Nitaieleza kwa lugha ya stendi. Ukipanda basi Korogwe na gunia lako, kondakta anabandika namba kwenye mzigo na kukupa kipande chenye namba ile ile. Ukishuka Segera unaonyesha kipande. Namba zikilingana, chukua. Zisipolingana, mzigo siyo wako, na kelele zinaanza hapo hapo. MTE inafanya hivyo hivyo. Kila baiti 16 za RAM zinapewa lebo ya biti 4, na programu inayotaka kuzigusa lazima ije na lebo inayolingana. Isipolingana, chipu inakataa na programu inazimwa kabla haijaleta madhara. Biti 4 ni namba 16 tu, kwa hiyo mwizi anaweza kubahatisha mara moja katika 16, lakini hizo mara 15 nyingine anashikwa.

Kwenye simu za kununua dukani, Pixel 8 ya Oktoba 2023 ndiyo iliyotangulia kumpa mtumiaji kitufe chake, tena kwenye menyu ya mafundi. Ukiiwasha, simu inazima na kuwaka upya. Septemba 2025 Apple nao wakaja na iPhone 17 yenye ulinzi wa jamii hiyo, wao wakauwasha moja kwa moja.

Hapo ndipo penye gharama. Zile lebo lazima zikae mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni RAM yako hiyo hiyo. Biti 4 kwa kila baiti 16 ni moja ya 32, yaani asilimia 3 na kidogo. Simu ya GB 2 inatoa MB 64. Ya GB 4 inatoa MB 128. Ya GB 12 inatoa MB 384.

Kuna mdau nilimwandikia haya wiki iliyopita akanijibu kwamba asilimia 3 ni chenji. Sikubaliani naye, na sababu yangu ni hesabu ya darasa la tano. Usitazame asilimia ya RAM yote, tazama asilimia ya ile inayokubakia wewe. Tuseme simu ya GB 2, baada ya Android kujitosheleza, inakuachia MB 600 za programu zako. Toa 64 hapo. Umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mwenye simu ya GB 12 tuseme amebakiwa na GB 8. Akitoa zake 384 hajafikisha hata asilimia 5, na hatajua kama kuna kitu kimeondoka. Kodi ni ile ile kwa asilimia, ila mmoja inamtoa kwenye fomu na mwingine hata haoni.

Niwe mkweli hapa, maana najua mafundi mnasoma. Simu ya yule dogo haina MTE. Simu nyingi za bei poa madukani kwetu zinatumia chipu za aina ya Cortex-A53 na A55, miundo iliyotangulia kabla ya hizo lebo. Kilichomfutia fomu ni umaskini wa RAM wa kawaida. Lakini ndiyo hoja yangu yenyewe. Ulinzi wenyewe bado haujamfikia, na siku ukimfikia utamkuta kwenye simu ambayo tayari imebanwa, kisha mtu mmoja kwenye ofisi ya kiwanda ataamua: auwashe na programu zianze kufa ovyo, au auzime na benki ya mama wa stendi ibaki bila mlinzi. Uamuzi huo utafanywa kimya kimya, kwa sababu hakuna mita inayouonyesha.

Na hapa ndipo kerneli inaponikera kidogo, pamoja na mapenzi yangu yote kwa Linux.

Gharama nyingine zimeshaanza kupata mita. Mwaka 2022, kuanzia Linux 6.1, meminfo ilipata mstari mpya unaoitwa SecPageTables. Usidanganyike na hilo jina, "Sec" hapo siyo usalama, ni kwamba ni ramani za pili, zile ambazo kerneli inatengeneza kwa ajili ya mashine pepe na kwa ajili ya kuvizuia vifaa visiguse RAM isiyowahusu. Zamani zilikuwa zinakula bila kuandikwa popote. Mwaka 2024 hata lile daftari la baiti 64 nalo likawekewa hesabu yake kwenye faili la vmstat. Yaani kuna watu walikaa wakaona aibu kwamba moja ya 64 ya RAM duniani haina mstari wake.

Kwenye seva ndiyo utacheka. Intel wana ulinzi unaoitwa TDX, wa kumfungia mteja mmoja wa seva asichunguliwe na mwingine, wala na mwenye seva. Nao unadai daftari lake, kama moja ya 256 ya RAM, haifiki hata nusu asilimia. Linux ilipoanza kuupokea upande wa seva mwaka 2024, kwenye taarifa za kuwaka iliwekewa mstari unaotaja kilobaiti ngapi zimetengwa kwa daftari hilo. Risiti kamili! Mwenye seva ya GB 64 anapewa risiti ya MB 256 zake. Mwenye simu ya GB 2 akikatwa moja ya 32, yaani mara nane zaidi kwa kiwango, anachoona ni MemTotal imekuwa ndogo basi. Eneo la lebo linatengwa mapema na programu ya chini kabisa, kerneli inapoamka inakuta shamba limeshazungushiwa uzio, na inahesabu lililobaki. Ukiuliza, jibu ni lile lile la jamaa yangu wa Chanika: umeziweka wapi?

Nawatendea haki: Arm hawakulala. Mwaka 2023 wahandisi wao walipeleka mapendekezo kwa wenzao wa Linux ili eneo la lebo lisikae bure. Wazo ni zuri. Siyo kila kipande cha RAM kina lebo wakati wote, kwa hiyo zile sehemu za lebo ambazo hazijahitajika zitumike kwa kazi nyingine, na zikihitajika aliyekaa ahamishwe. Kama kiti cha mwalimu, kaa wewe mpaka aje. Ugumu ni kumwamsha. Kuna data ambazo haziwezi kuhamishwa kwa sababu kifaa fulani kimezishika, na kuhamisha kwenyewe kunahitaji nafasi, wakati huo huo RAM ndiyo inaelekea kuisha. Tena eneo la lebo lenyewe haliwezi kubandikwa lebo. Kwenye mapitio walibishana sana juu ya hayo, na wala siwalaumu. Ila ona kwamba ili ujenge kitu cha namna hiyo lazima uhesabu kila kipande cha lebo, kimetumika au hakijatumika. Hiyo hesabu tayari ni mita. Kuionyesha kwa mwenye simu ni mstari mmoja tu kwenye meminfo.

Wengine watasema basi tufanye kwa programu, tusisubiri chipu. Ipo, inaitwa KASAN, mafundi wanaitumia kusaka makosa. Ile ya kawaida inakula moja ya nane ya RAM. Kwenye GB 2 ni MB 256, na juu ya hapo inakuwa nzito kama trekta. Ya kati inatumia moja ya 16. Lebo za chipu ndiyo hizo moja ya 32, tena kwa kasi nzuri. Kwa hiyo chipu siyo adui. Bei imeshuka mara nne ukilinganisha na njia ya kwanza, na mimi ningeilipa. Ningependa tu kuiona.

Kingine, wakati wenyewe ni mbaya. Mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za RAM duniani ilipanda kwa kasi, sababu viwanda viligeukia RAM za seva za akili mnemba, zenye faida nono. Kiwanda cha simu za bei ya chini kikibanwa hivyo, njia rahisi ni kupunguza RAM au kuiacha pale ilipokuwa. Na ujanja ulianza kabla ya hapo. Mwaka jana nilinunua simu, duka silitaji, boksi limeandikwa 8GB kwa maandishi ya dhahabu. Kwa chini, kama chungu mgongoni, "4+4". Hiyo nne ya pili ni hifadhi ya kawaida inayojifanya RAM, na kasi yake hailingani kabisa. Mnajua lumbesa, gunia linalovimba kupita kipimo ili mkulima aibiwe? Hii ni lumbesa ya kinyume, gunia limevimba ila ndani ni upepo. Ukishamzoeza mtu kununua upepo, kumkata MB 64 bila risiti ni kazi ndogo sana.

Juni 2016 TCRA walizima simu bandia nchi nzima, wengi mnakumbuka kilio chake. Namba ya IMEI ikawa kitu ambacho hata bibi anajua kuibonyeza, nyota reli sifuri sita reli. Hakuna aliyefikiri kabla ya hapo kwamba mtu wa Kwamsisi angewahi kujali IMEI. RAM halisi ingeweza kufika huko huko: juu ya boksi GB zilizomo, na pembeni yake zile zinazombakia mnunuzi baada ya simu kuwaka, na kama ulinzi wa lebo upo, umewashwa au umezimwa. Maneno matatu kwenye katoni. Wauzaji wa pale Korogwe stendi wangelalamika wiki moja, halafu wangezoea.

Hebu tufanye kitu. Wenye Android, wekeni programu ya Termux, kisha andikeni cat /proc/meminfo. Mtaona MemTotal kwa kB. Gawanyeni kwa 1,048,576 mpate GB. Wa kafe zenye Linux ni amri hiyo hiyo. Halafu mniandikie hapo chini: boksi lilisema ngapi, MemTotal inasema ngapi, na kama SecPageTables mnaiona au haipo. Nataka hasa simu za GB 2 na 3, na nataka sana kama kuna mtu yeyote kati ya Mkata na Mombo mwenye Pixel 8 aiwashe ile MTE, asome kabla na baada, atuletee tofauti.

Dogo alimaliza fomu yake saa kumi na moja jioni na kuondoka na karatasi aliyochapa. Mshikaji wangu naye alichukua kalamu ya maka, kwenye zile mashine nne akafuta "4GB" na kuandika 3.7. Wateja wanamuuliza kila siku. Anawaambia waniulize mimi.